Tissington: udongo kwanza, maua baadaye

Alhamisi ya Kupaa Bwana visima vya Tissington, kijiji kidogo cha Derbyshire, Uingereza, hubarikiwa baada ya ibada. Kwenye kila kisima husimama picha kubwa, mara nyingi ya kisa cha Biblia, iliyotengenezwa kwa petali, majani na mbegu. Wageni husifu maua. Anayeijua kazi hukagua kwanza kingo za udongo unaoshika petali hizo: umeanza kupasuka, au bado?

Kila kitu huanzia majini. Mbao za picha hupigiliwa misumari nusunusu ili udongo upate pa kushika, kisha huzamishwa kwenye bwawa la kijiji siku kadhaa mpaka zishibe. Ukiiruka hatua hii, ubao mkavu utafyonza maji ya udongo, udongo utasinyaa, na picha itabanduka vipande vipande. Udongo wa mfinyanzi nao hutiwa maji na chumvi, ukakanyagwa kwa miguu hadi uishe madonge. Chumvi ni ya kuuchelewesha kukauka. Udongo hupakwa juu ya mbao unene wa sentimita 2 hadi 3. Ukizidi maji, siku ya kuusimamisha ubao, udongo utateremka wote, na hapo hakuna dawa.

Mchoro wa karatasi hulazwa juu ya udongo na kutobolewa kwa sindano, mstari kwa mstari. Karatasi ikiondolewa, vitundu hufuatwa kwa buni, au kwa vikoni vyeusi vya mti wa alder. Ndipo petali zinapoingia, moja moja, kutoka chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake, kama makuti yanavyoezekwa, ili mvua iteleze isipenye. Anayeanzia juu atajua kosa lake mvua ya kwanza. Siku mbili tatu za vidole vya watu wengi huishia hapo.

Kupaa hufuata Pasaka, kwa hiyo huweza kuangukia popote kati ya tarehe 30 Aprili na 3 Juni. Ikiwahi, bustani bado hazijachangamka. Hutegemewa kuvumwani (ukoga unaoota juu ya mawe na magome ya miti), majani na petali za haidrenjia zilizokaushwa tangu mwaka uliotangulia. Afadhali hizo kavu, kwa kweli: petali mbichi laini hupauka upesi juani.

Chanzo cha desturi hii ya kupamba visima kina masimulizi mawili. Wengine husema ni shukrani kwa maji safi yaliyowanusuru wanakijiji na tauni ya 1348–49. Wengine hutaja ukame wa 1615, visima vya hapa vilipoendelea kutoa maji. Youlgreave, si mbali na hapo, hawana haja ya kubishana: walianza kupamba baada ya maji kuletwa kijijini kwa bomba mwaka 1829.

Picha hudumu kama wiki moja, zikinyunyiziwa maji siku za joto. Kisha mbao hushushwa, udongo ukakwanguliwa, na misumari iliyolegea hung'olewa kabla kutu haijaila.