Kutu ya kahawa na majani yasiyokauka

Jana asubuhi nikiwa kihambani, yaani shamba letu la nyumbani, Kibosho na babu, tuligeuza jani la mkahawa. Chini yake kuna madoa ya rangi ya chungwa. Ukipitisha kidole kinabaki na unga kama binzari. Unga huo ndio mbegu za kuvu wa kutu ya majani.

Nilidhani jua litaziua. Babu akasema, "Mjukuu wangu, zinasubiri maji hizo." Na ndivyo ilivyo. Ikiwa kavu, mbegu hulala tu, na inaweza kukaa hai kwa wiki kadhaa. Haioti mpaka ipate maji yenyewe juu ya jani, unyevu wa hewani hautoshi. Ila ikishaota ndipo inakuwa dhaifu. Inatoa kijiuzi chembamba kitafute vitundu vya jani vya kupumulia, kazi ya saa nyingi, pengine hadi siku nzima. Jani likikauka kabla hakijaingia, imekufa. Hairudi kulala tena!

Sasa angalieni masika haya ya Moshi: mawingu tangu alfajiri, migomba imesongamana, saa nane mchana majani bado yanachuruzika. Mstari wa juu, ambako upepo unapita, madoa ni machache mno. Kwa hiyo leo tumeshinda tukipogoa mikahawa na kupunguza migomba. Mrututu, ile dawa ya shaba ya kuua kuvu, tutapiga mvua ikitulia, hasa chini ya majani.

Wenye miche ile inayostahimili kutu kutoka TaCRI Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa, niambieni jamani, inaendeleaje huko kwenu?