Mbunge wako na sheria ya biashara ya binadamu: usitafute kura, tafuta shilingi

Anayetaka kujua mbunge wake alipiga kura gani kuhusu biashara haramu ya binadamu ataifungua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, atafute jina, na hatalikuta. Halijafichwa. Bunge letu la Tanzania hupitisha miswada kwa sauti: Spika anahoji, wanaoafiki wanaitikia "Ndiyo", wasioafiki "Siyo", na mwandishi anaandika kwenye mabano "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Kura ya kuita jina moja moja tumezoea kuiona kwenye bajeti kuu ya Serikali, mwishoni mwa Juni.

Marekani ni tofauti, ndiyo maana huko watu huzungumzia rekodi ya kura kama kitu cha kushika mkononi. Sheria yao ya mwaka 2000 ya kuwalinda waathirika wa biashara hii ilipita Seneti kwa kura 95 kwa 0, na Baraza la Wawakilishi kwa 371 kwa 1. Ukitaka kumjua huyo mmoja, jina lipo. Lakini hata huko rekodi inaweza kumpotosha msomaji mwepesi. Mwaka 2013 uhuishaji wa sheria hiyo ulipachikwa kama marekebisho ndani ya muswada wa ukatili dhidi ya wanawake. Maseneta 93 walikubali kipachiko, 5 wakakataa. Muswada mzima ukapata 78 kwa 22. Seneta aliyekubali kipachiko kisha akakataa muswada, utamwekaje? Anayesoma mstari wa mwisho peke yake atamwandika kuwa mpinzani wa kuwalinda waathirika.

Kwetu hali ni hiyo hiyo, tena bila majina. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu, Sura ya 432, ilitungwa mwaka 2008. Kasoro yake kubwa ilikuwa kumwachia hakimu nafasi ya kutoza faini badala ya kifungo. Dalali mwenye fedha alilipa akaondoka. Mwaka 2022 nafasi hiyo ilizibwa, lakini kupitia muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ule unaogusa sheria kadhaa kwa mpigo. Sauti ya "Ndiyo" siku ile ilimeza yote. Kuichukua kama msimamo wa mbunge juu ya mabinti wanaochukuliwa Iringa na Njombe kwenda kazi za ndani ni kumpa sifa asiyoifanyia kazi, au lawama isiyo yake.

Angalia pia nani alikuwa wapi. Joseph Mbilinyi wa Mbeya Mjini na Mchungaji Peter Msigwa wa Iringa Mjini waliingia bungeni 2010, hawadaiwi kura ya 2008. Mwaka 2022 mbunge wa Mbeya Mjini, Dkt. Tulia Ackson, ndiye aliyekuwa Spika, na kwa Katiba anayeongoza kikao hana kura ya kawaida. Anayo ya uamuzi tu, kura zikilingana. Kwa hiyo kwa kipindi hicho jimbo hilo lisisomwe kama Mufindi au Kyela.

Rekodi yenye uzito iko sehemu nyingine. Ya kwanza ni jedwali la marekebisho. Mbunge anayetaka kubadili ibara huleta maandishi, na kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati kupitia muswada ibara kwa ibara, husimama kulitetea. Hansard itaonyesha ibara imepita "bila mabadiliko yoyote" au "pamoja na marekebisho yake", na juu ya maneno hayo utamwona nani alisimama na nani alimjibu. Soma kurasa hizo kabla ya hotuba za muswada kusomwa mara ya pili, yaani mjadala wake wa jumla, ambazo nyingi ni pongezi.

Ya pili, na kwangu ndiyo kipimo, ni shilingi. Sekretarieti inayosimamia sheria hii iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria yenyewe imeunda mfuko wa kuwasaidia waathirika. Mfuko usiotiwa fedha haumrudishi binti nyumbani. Bajeti ya wizara ikipitiwa kwenye Kamati ya Matumizi, wabunge wote wakipitia fedha fungu kwa fungu, tafuta Fungu 51 la Wizara, kisha 28 la Polisi na 93 la Uhamiaji. Nani alitaka ufafanuzi, asiporidhika akashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani akautilia pingamizi mpaka apate jibu? Aliirudisha baada ya jibu gani? Hapo msimamo unaonekana kwa jina.

Kuna kosa moja la utafutaji linaloharibu kazi nyingi. Ukiandika "binadamu" peke yake utaletewa haki za binadamu kurasa kwa kurasa. Tafuta "usafirishaji haramu", "biashara haramu ya binadamu", "watumishi wa ndani". "Wahamiaji haramu" iweke kapu lake. Mbunge anayeuliza kuhusu Waethiopia waliokamatwa kwenye lori Tunduma wakielekea Afrika Kusini mara nyingi anaulizia Sheria ya Uhamiaji: kuvuka mpaka bila kibali. Biashara ya binadamu inahitaji kitendo, njia kama hila au vitisho, na kusudio la kumnyonya mtu, na haihitaji mpaka wowote. Kwa mtoto chini ya miaka 18 hata njia haihitajiki. Binti wa miaka 14 aliyetolewa Makete kwenda kutumikishwa Dar es Salaam ni mwathirika, hata kama mama yake alikubali na nauli ililipwa mchana kweupe. Mbunge anayechanganya makapu haya mawili ataomba askari zaidi mpakani, na stendi ya Makambako, ambako basi linapakia, haitatajwa kabisa.

Idadi ya michango kwenye ukurasa wa mbunge katika tovuti ya Bunge isikudanganye. Fungua maswali ya nyongeza. Swali la msingi huandaliwa mapema. La nyongeza hutoka kwa anayelijua jambo, kwa sababu inabidi alishike jibu la Waziri papo hapo na kulirudisha.