Ndege wa dohani na teleka wa roshani zetu

Nyumba zetu za Mombasa hazina dohani, yaani bomba la kutolea moshi wa meko linalopita ukutani hadi juu ya paa, na ndiyo maana dada yangu, ambaye sasa anaishi na familia yake Ohio, Marekani, hakuelewa kwa nini ukuta wa sebule yake ulikuwa ukivuma na kutoa milio mwezi wa Julai. Fundi mmoja wa huko alimshauri awashe moto mekoni ili moshi uwatimue ndege waliomo. Nilimsihi asithubutu, na sababu nazieleza hapa kwa kirefu kwa kuwa tatizo kama hilo tunalo chini ya roshani za Mji wa Kale.

Ndege hao ni aina ya teleka, ndege wadogo wanaofanana na mbayuwayu, ambao zamani walizalia ndani ya miti mikubwa yenye uwazi. Miti ilipokatwa, wakahamia katika dohani za matofali. Teleka huyo huvunja vijiti vikavu huku akiruka, akavigandisha ukutani kwa mate yake hadi kiota kikawa kama nusu ya kibakuli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayowalinda ndege wahamao inakataza kuondoa kiota chenye mayai au makinda bila kibali. Hata kama isingekataza, moto unaowashwa chini ya makinda wasioweza kuruka ni ukatili mtupu.

Kinachotakiwa ni subira. Mayai huatamiwa kwa takriban siku 19, kisha makinda hukaa ndani ya dohani karibu mwezi mmoja, na kelele inayoudhi hasa ni ya majuma mawili ya mwisho, wanapokuwa wakubwa na wenye njaa. Kile kibamba cha chuma kilicho juu ya meko kikifungwa, hakuna kinda atakayeangukia sebuleni, na sauti nayo hupungua. Baada ya Oktoba ndege huwa wamekwisha kwenda Amerika ya Kusini, na masizi yanaweza kusafishwa wakati wowote kabla hawajarudi mwezi wa Aprili. Asiyewataka aweke wavu juu ya dohani wakati huo. Mimi ningemwomba mwenye dohani ya matofali asiuweke, maana ndege hawa wanazidi kupungua. Lakini dohani yenye bomba la chuma ndani lazima ifunikwe, kwa sababu kucha zao hazishiki chuma na hunasa humo wakafa.

Huku kwetu teleka mdogo, yule mwenye baka jeupe juu ya mkia, hujenga kwa manyoya na nyasi anazozidaka hewani, akazibandika chini ya roshani, ngazi na madaraja. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuua ndege wa porini apendavyo. Hata hivyo, nyumba zinapopakwa rangi kabla ya Idi, nimeona viota vikikwanguliwa kwa mwiko wa fundi na makinda wakidondoka sakafuni wakiwa hawana hata manyoya. Jambo hilo linaniuma sana, hasa kwa sababu linaepukika.

Teleka hawa hulala viotani hata wakati usio wa kuzaa, kwa hiyo kuwaona wakiingia jioni si dalili ya kuwepo makinda. Atazamwe mchana: ndege anayerudi mara kwa mara koo likiwa limevimba amebeba donge la wadudu, na hapo pana watoto wanaosubiri kulishwa. Fundi aendelee na kuta nyingine, pale aparuke mpaka watoke.

Kuhusu kinyesi, ambacho ndicho kinachowakera wenye nyumba wengi, ubao mpana uliopigiliwa chini ya viota hukizuia kisichafue nguo na mlango. Usiwe karibu mno, kwani kunguru wa Bara Hindi watautumia kusimama na kula makinda. Wakati wa kuusafisha, kinyesi kikavu kiloweshwe maji kwanza na anayesafisha avae barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Na asiyetaka teleka kabisa azibe pembe kwa wavu baada ya kuhakikisha kwamba viota ni vitupu. Mwenye shaka aende kwanza akaulize katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.