Ndoo mbili za klorini

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Zaire wakati huo, wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Baada ya kila mgonjwa, sindano ilisuuzwa tu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Ebola ilipoingia, kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki.

Leo sindano zinatupwa baada ya matumizi. Lakini bakuli lile bado lipo wodini, ila sasa ni ndoo ya klorini iliyochanganywa kwa kukisia. Inanuka dawa, na kila mtu anaiamini.

Weka ndoo mbili zenye bomba na kifuniko, rangi tofauti, zimeandikwa kwa wino usiofutika. Dawa kali, asilimia 0.5, ni ya glovu, sakafu, vitanda na matapishi. Hafifu, asilimia 0.05, ni ya mikono mitupu. Ukitumia unga wa klorini wa asilimia 70, tia vijiko vikubwa 10 kwenye lita 20 za maji kupata kali, na kijiko 1 kwa lita 20 kupata hafifu. Kijiko kisijae kichuguu. Kisawazishe, kibaki na gramu 15 hivi. Maji yatangulie, unga ufuate. Koroga, kisha subiri machicha yazame, la sivyo yataziba bomba. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 6 vya maji ndiyo kali. Soma lebo kwanza, maana nguvu hutofautiana.

Changanya upya kila asubuhi, andika saa na jina la aliyechanganya. Dawa ya jana imwagwe. Inauma pale unga unapohesabiwa kijiko kwa kijiko, lakini jua na joto huimaliza nguvu.

Penye damu ndipo tunapokosea zaidi. Mtu humwaga dawa na kufuta papo hapo, au huinyunyizia kwa pampu. Pampu hurusha matone ya damu, na damu yenyewe huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Vaa glovu nene, aproni, buti, barakoa na miwani. Funika damu kwa tambara, limiminie dawa kali polepole kuanzia pembeni kuelekea katikati, liache dakika 15. Okota kila kitu, tia kwenye mfuko wa taka hatarishi. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha pitisha dawa kali tena na uiache dakika 10 bila kukauka. Usichanganye sabuni na klorini kwenye ndoo moja.

Ndoo ya hafifu ikae pale pale watumishi wanapovulia mavazi ya kinga. Ikiwa mwisho wa korido, mkono utagusa kitasa cha mlango kwanza.