Goti, pumzi, mkojo

Wenzangu mnaojiandaa na mtihani wa leseni ya uuguzi, jana usiku ndiyo nimeelewa kitu nilichokikariri tangu chuoni.

Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Dozi naijua hata usingizini: gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Sasa swali likaniletea mama anayepumua mara 12 kwa dakika, mkojo mililita 60 tu kwa saa 4. Muuguzi afanye nini? Nikajibu amchome dozi inayofuata. Nimekosa.

Nikamkumbuka sista mmoja wa wodi ya wazazi nilipokuwa mafunzoni. Hakugusa sindano kabla hajahesabu pumzi dakika nzima, akagonga goti la mama, akainama kusoma mfuko wa mkojo. Nilidhani anachelewesha kazi! Kumbe dawa hii hutolewa na figo. Mkojo ukipungua, inajikusanya mwilini. Goti linaacha kuruka, kisha pumzi nazo zinafifia.

Kwa hiyo pumzi zisiwe chini ya 16, goti liitike, mkojo usishuke chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi isimame, daktari aitwe. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, iwe pale pale kitandani, siyo kabatini.

Leo nimempigia sista kumshukuru. Nilipomwamkia tu, akaniuliza mtihani ni lini.