Mkwaruzo wa chukudu, na rangi isiyokubali kulingana

Goma ina namna zake za kukwaruza gari. Usukani wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, umekaa sawasawa na kimo cha mlango wa Toyota, na pale Birere saa za soko hakuna anayeomba njia mara mbili. Halafu kuna vumbi letu jeusi. Hilo ni jiwe la lava lililosagwa na magurudumu, na ni gumu kuliko verni (tabaka angavu la juu ya rangi) ya gari lolote. Anayefuta gari kavu kwa kitambaa asubuhi anapiga msasa bila kujua. Kwa hiyo kabla ya kushika polishi au pistole ya kupulizia rangi, mwaga maji mengi ya sabuni, uchafu uteleze wenyewe, ndipo uanze kuchunguza.

Lowesha mkwaruzo kwa maji safi. Ukipotea machoni ukiwa umelowa, kisha ukarudi ukikauka, haujapita verni. Pitisha ukucha ukiukingama. Ukinasa, umekwenda chini. Unene wote wa rangi ya kiwandani, tangu bati hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 140, na verni humiliki kama 35 hadi 50 kati ya hizo. Unywele wa kichwa una kama 70. Ukiona kijivu, hiyo ni apre, rangi ya chini inayoshika bati. Ukiona bati au kutu, weka polishi kando.

Ulioishia kwenye verni ni kazi ya saa moja. Msasa wa maji namba 2000 uliozungushwa kwenye kipande cha mpira, miondoko mifupi kumi hivi, futa, tazama, rudia. Fuata na 3000, kisha dawa ya kukata, yaani polishi kali, kisha polishi laini. Hatari iko kwenye kingo na mikunjo ya mlango, mahali ambapo verni ni nyembamba na mashine hupenda kuchoma. Verni ikitoboka hakuna polishi ya kuirudisha. Ni heri kubakiza kovu lililolainishwa kingo zake, ambalo mtu haoni akisimama hatua mbili, kuliko kulifukuza hadi ukatokea upande wa pili.

Uliofika bati haungoji mwezi ujao. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huitia mvua asidi, hasa upande wa Rusayo na Sake, na bati tupu huanza kula kutu mapema. Ondoa kutu yote kwa msasa namba 80, lainisha kingo kwa 180 halafu 320, futa mafuta kwa dawa yake, kisha apre ya epoksi nyembamba moja kwa moja juu ya bati. Kama pamebonyea, tia mastiki ya kujazia: gramu 100 za mastiki kwa gramu 2 za ile dawa ya tyubu ya kugandisha. Wengi hukamua zaidi ili ikauke haraka, na Goma yenye nyuzijoto 20 hivi kishawishi hicho ni kikubwa. Dawa iliyozidi hupanda baadaye na kutokea juu ya rangi kama doa la manjano. Ngoja nusu saa, upige msasa. Halafu apre ya kujaza mara mbili, umalizie kwa 800 ya maji. Chini ya rangi ya fedha usiache mistari ya 320, kwa sababu chembe za alumini hulala ndani ya mistari hiyo na kuichora upya kwa kila anayepita.

Sasa rangi yenyewe.

Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibao cha chuma, ama kwenye nguzo ya mlango, ama chini ya boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Tafuta mstari wa C/TR. Herufi na tarakimu tatu za kwanza ndizo rangi, zinazofuata ni za viti. 040 ni nyeupe kavu (isiyo na chembe za kung'aa), 202 ni nyeusi kavu, na hizo hata aliyeanza jana atazipatia. Kilio kiko kwenye 1F7, ile fedha, na 070, nyeupe ya lulu.

Namba inakupa mapishi, haikupi gari lililo mbele yako. Rangi moja ya kiwandani hutofautiana kidogo toka kundi moja la magari hadi jingine, jua limeichuja kwa miaka, na magari mengi yaliyofika hapa yamewahi kupakwa tena huko yalikotoka. Chunguza kingo za mipira ya vioo: ukikuta rangi imerukia mpira, basi ule mlango si wa kiwandani, usiutumie kama kielelezo. Unapokwenda kununua rangi, fungua skrubu za kifuniko cha tangi la mafuta ukibebe. Kipige polishi kwanza. Kufananisha rangi mpya na verni iliyopauka ni kujidanganya.

Pasipo mashine ya kusoma rangi, mchanganyaji hutumia jicho, na jicho linataka nidhamu. Mizani inayopima hadi sehemu moja ya kumi ya gramu, daftari, tone kwa tone, rangi moja ya kurekebisha kwa wakati. Fedha ikitoka nyeusi mno usiitie nyeupe. Nyeupe huifisha alumini na kuifanya kama maziwa, na ukiitazama kwa ubavu utaona wingu. Ongeza alumini safi. Na usihukumu rangi iliyo ndani ya kopo au iliyopakwa kwa kidole. Paka kadi kwa pistole ileile, presha ileile, juu ya apre ya kijivu kilekile, na uitie verni, maana verni hubadilisha kila kitu.

Sababu ya ukali huo ni kwamba rangi ya fedha haiwi moja hata ikitoka kopo moja. Ukipuliza mvua, yaani karibu na taratibu, chembe za alumini hupata muda wa kuzama na kukaa ovyo, na rangi huonekana nyeusi ukiitazama usoni. Ukipuliza kavu, kwa presha kubwa au dilian (kimiminika cha kuzimulia rangi) inayokimbia haraka, hubaki juu zimelala, na rangi inang'aa zaidi. Fundi mmoja anaweza kutoa fedha tatu kwa kopo moja bila kuongeza tone. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwa mchanganyaji kumlaumu, badilisha mkono: pua ya milimita 1.3, presha kama bar 2, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mstari ufunike nusu ya ule wa kabla au zaidi. Dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka, mpaka mng'ao wa unyevu uishe kabisa. Tabaka la mwisho liwe jepesi, pistole ikiwa mbali kidogo, ili kusawazisha mawingu.

070 ni mama wa shida nyingine. Ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati inayopitisha mwanga, na verni. Anayekuchanganyia lulu ndani ya nyeupe ili upulize mara moja anakuuzia chokaa. Kila tabaka la lulu linaongeza ujoto na kuvuta rangi kwenye krimu, kwa hiyo swali ni moja tu: gari hili lina lulu mara ngapi? Chukua kadi ndefu, ipake nyeupe ya chini mpaka izibe kabisa. Funika robo tatu kwa karatasi, puliza lulu. Sogeza karatasi robo moja, puliza. Sogeza tena, puliza, kisha ondoa yote na upulize mara ya mwisho. Robo ya kwanza ina lulu nne, ya mwisho ina moja. Itie verni kadi nzima, ikauke, ndipo uiweke juu ya mlango wa jirani, yaani ule ulio kando ya unaotengenezwa.

Uitazame nje, kwenye kivuli kinachoelekea mbingu wazi, kisha usogee uitazame kwa ubavu. Taa ya ndani ya karakana itakuambia zimefanana, na kesho barabarani zitaachana. Jua kali la saa sita nalo hufuta tofauti.

Hata hivyo, kadi bora kabisa haitoshi kukuruhusu kukata rangi kwenye ukingo wa mlango. Macho hushika tofauti ndogo pale penye mpaka mnyoofu. Rangi uitawanye: funika jeraha kwanza, kisha kila tabaka livuke lile la kabla kwa kiganja kimoja, mpaka liyeyuke ndani ya mlango wa jirani uliosuguliwa kwa 1000. Kwa 070, nyeupe ya chini ibaki ndogo iwezekanavyo, na lulu ndiyo isafiri. Verni haitawanywi hivyo. Inafunika kipande kizima hadi kwenye mpaka wa bati. Mteja atalalamika kwamba alileta mlango mmoja na wewe umegusa miwili. Mwoneshe kadi.

Verni nyingi huchanganywa sehemu mbili kwa moja ya ile dawa ya kopo dogo lililoandikwa durcisseur, yaani ya kugandisha, lakini soma kopo lako. Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza, kwani katika miezi ya mvua hujaa upesi, na tone moja hutoboa verni kama ndui. Jenereta iwe na mafuta tayari. Umeme ukikatika katikati ya tabaka la fedha, mstari ule hautafichika. Utausubiri ukauke na kuanza tabaka upya. Na dilian ya bei ya chini ya kusafishia pistole isiingie kwenye rangi: huinua kingo za rangi ya zamani na kuzikunja.

Ile durcisseur ina kemikali ya isosianati. Kitambaa cha mdomoni hakizuii kitu, na barakoa ya vumbi vilevile. Tumia barakoa yenye vichujio vya mvuke, mlango wazi, watoto wa jirani wasisogee. Anayeizoea bila kinga anaweza kupata pumu ya kudumu, na baada ya hapo hata harufu ndogo humfunga kifua.

Gari lisioshwe kwa wiki moja, lisipakwe nta kwa mwezi. Kadi usiitupe. Nyuma yake andika namba ya rangi, idadi ya tabaka za lulu, presha na dilian uliyotumia, uiweke ndani ya gari pamoja na karatasi zake. Fundi atakayeupokea mlango wa upande wa pili ataanzia hapo.