Tangi Nyuma ya Jengo la Lisbon Street

Wasomali walioanza kuhamia Lewiston, jimbo la Maine, mwaka 2001 ndio waliotuonyesha kwamba biashara katika Lisbon Street inawezekana. Mtaa ule ulikuwa umenyauka baada ya viwanda vya nguo kufa. Wao wakafungua maduka ya nyama halali, vitambaa na vyakula. Mimi na mume wangu, watu wa Bukavu, Kongo, tulipanga duka dogo hapo tukiuza fumbwa (mboga ya majani ya kwetu), unga wa muhogo na samaki wakavu. Kisha jengo la jirani likatangazwa kuuzwa: la matofali, duka chini, vyumba vya wapangaji juu. Tukaamua kulinunua kwa mkopo wa benki.

Maine nzima ina watu wapatao milioni 1.4, na majengo ya biashara hayauzwi kila siku. Mthamini wa bei ya jengo alihangaika kupata mauzo mengine ya kulinganisha. Benki nayo haikuhangaika sana na mshahara wa mume wangu. Iliuliza jengo linaingiza nini. Kodi za wapangaji, ukishatoa gharama, zilitakiwa kuzidi marejesho ya mkopo kwa robo. Mkopo ulikuwa wa miaka 20, lakini riba ingepangwa upya kila baada ya miaka 5. Anayenunua nyumba ya kuishi sheria humlinda zaidi. Kwenye jengo la biashara unahesabiwa kuwa unajua unachokifanya.

Muuzaji alikuwa mzee mjane ambaye baba yake alitoka Quebec kuja kufanya kazi viwandani, kama maelfu ya wenzake waliojenga mji ule. Mume wangu alimsalimu kwa Kifaransa, akamwita papa, yaani baba, na mzee akasogeza kiti karibu. Tangu mkewe afariki, alituambia, hakuwa na wa kuzungumza naye lugha hiyo nyumbani. Waliongea mpaka dalali akachoka kusubiri.

Lakini mimi nilikuwa nimeliona bomba fupi la chuma nyuma ya jengo, limetokeza ardhini, limezibwa. Huko watu wengi hupasha nyumba joto kwa mafuta, na zamani matangi yalifukiwa chini; bomba kama lile ni dalili ya tangi. Wakili wetu alieleza wazi: mkishasaini, tangi ni lenu, na mafuta yaliyovujia udongoni ni yenu pia. Kusafisha udongo kunaweza kumeza faida ya miaka. Nikasema hatusaini mpaka lifukuliwe.

Mume wangu aliona haya. Kwetu mtu wa umri ule humwekei sharti mezani pake, na ninaiheshimu haya hiyo mpaka leo. Ila watoto wetu ndio wangelirithi jengo. Nikamwambia mzee mwenyewe, taratibu: “Papa, jengo lako tunalitaka kwa moyo wote, lakini siwezi kuwaachia wanangu udongo wenye sumu.”

Hakukasirika. Alisema tangi liliwekwa na baba yake, na kulifukua ni juu yake yeye. Lilitoka na kutu, halikuwa limetoboka. Udongo ukapimwa maabara, ukaonekana safi.

Hati ilisajiliwa Auburn, ng'ambo ya mto Androscoggin. Kodi ya kuhamisha umiliki ilikuwa dola 2.20 kwa kila dola 500 za bei, nusu kwa muuzaji na nusu kwa mnunuzi; akalipa yake, tukalipa yetu. Wapangaji wa juu walibaki, na tangu mwezi uliofuata hundi zao za kodi zikawa zinaandikwa kwa majina yetu.